Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Supakompyuta Ukiwa Mbamba Bay

Anza kwa kupakua. Usithubutu kuandika programu mapema, maana ukiandika programu unaweza kujifunza, na mtu aliyekwisha kujifunza hana tena sababu ya kumwomba mjomba wake wa Dar es Salaam laptop mpya. Panda Mbinga mjini, nunua bando la usiku, kesha ukijaza simu vitabu. Wavuvi wa usipa nao wanakesha saa hizo hizo kule ziwani na taa zao, ila wao asubuhi wana cha kuanika.

Vitabu vipo, na hapo ndipo penye hatari. Zamani ungejitetea kwamba elimu ya namna hii imefungiwa kwenye maktaba za Ulaya na Marekani. Leo utetezi huo haupo. Blaise Barney wa maabara ya Lawrence Livermore, California, aliandika utangulizi wa kompyuta sambamba unaosomeka na mtu yeyote mwenye Kiingereza cha kidato cha nne, kamusi na uvumilivu. Ian Foster alitoa *Designing and Building Parallel Programs* mwaka 1995 na kitabu chote kikawekwa mtandaoni kisomwe bure. Victor Eijkhout wa Austin, Texas, anagawa juzuu nzima nzima: moja ya hesabu za kisayansi, nyingine ya MPI na OpenMP, nyenzo mbili za kupanga programu sambamba, na mazoezi juu yake. Ukitaka kujua kwa nini kompyuta hukosea kujumlisha, ipo makala ya David Goldberg ya 1991. Ukitaka kujua kwa nini prosesa yenye mbio hukaa bure ikisubiri memori, Ulrich Drepper aliandika kurasa 114 mwaka 2007, nzito kiasi kwamba ukifika ya 30 una haki ya kutembea kifua mbele stendi ya Mbinga.

Vyote hivyo viweke kwenye folda uliyoipa jina la herufi kubwa. Ndani yake fungua folda nyingine iitwayo Mpya, na ndani ya hiyo, Mpya 2. Piga skrinshoti, weka statasi. Watu watakupongeza, na pongezi zinazokuja kabla ya kazi hazina mfano.

Folda ikishajaa, ingia kwenye ubishi wa lugha. C au Fortrani? Julia au Python? Ubishi huu ni mtamu kwa sababu haumalizi chaji wala haudai jibu. Kijana wa Python atakuambia Fortrani ni ya wazee, maana imezaliwa 1957. Usimwambie kwamba anapozidisha matriksi mbili kwa NumPy, kazi yenyewe hushushwa hadi BLAS, maktaba iliyochapishwa 1979 kwa ajili ya Fortrani hiyo hiyo. Wala usimwambie kwamba toleo liitwalo OpenBLAS huzigawa hesabu zake kwenye kori zote za mashine bila hata kumwuliza. Kijana huyo amekuwa akipanga programu sambamba muda wote huu na hana habari. Akijua, ataiongeza kwenye CV.

Kinachofuata, na ndicho kinachokula miaka, ni kusubiri mashine. Sema kwa uchungu kwamba huku kwetu hakuna supakompyuta. Ni kweli, na hakuna atakayekubishia. Gridi ya Taifa yenyewe ilifika Songea mwaka 2018, kabla ya hapo tulikuwa watu wa jenereta za dizeli. Ila jihadhari na yule mtu mmoja anayefuatilia mambo. Kila mji unaye mmoja, na atakuharibia. Atakukumbusha kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina kituo kilichoanzishwa kwa ushirikiano na India, kikapewa kompyuta ya ukoo wa PARAM, zile zinazoundwa na C-DAC ya kule Pune. Halafu ataanza habari za supakompyuta iitwayo Ranger, na hapo agiza chai ya pili.

Ranger iliwashwa Austin mwezi Februari 2008 ikiwa na kori 62,976 na uwezo wa kilele wa teraflopu 579, yaani hesabu za desimali trilioni 579 kwa sekunde moja. Ilifanya kazi miaka mitano. Ilipozimwa 2013, makabati yake yaligawanywa. Mengine yakapakiwa kuja Afrika, na Tanzania ikawa mojawapo ya nchi zilizopokea. Mtumba, ndiyo, na mtumba wa kompyuta huchakaa haraka: siku hizi kadi tisa za H100 za NVIDIA zinaipita Ranger nzima kwa kilele. Lakini ulitoka katika kituo kile kile anachofanyia kazi Eijkhout wa vitabu. Kati ya vitu hivyo viwili vilivyotufikia kutoka Austin, kimoja kinadai kiyoyozi na umeme usiokatika, kingine kimelala kwenye folda yako, Mpya 2.

Akimaliza hayo, mtu huyo atakuomba simu yako aione. Usimpe. Atagundua ina kori nane. Atakuonyesha programu ya bure iitwayo Termux, inayokupa Linux ndogo ndani ya Android pamoja na Clang, kompaila ya C. Atakwambia kwamba mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 kwa nyaya za mtandao za dukani, katika kituo cha Goddard cha NASA, wakaiita Beowulf, na kutoka hapo dunia nzima ikaacha kuamini kwamba supakompyuta lazima iwe mashine ya pekee ya bei ya ndege. Kori zako nane ni nusu ya zao kwa idadi, na kila moja ingeiacha 486 mbali sana. Mwambie skrini ni ndogo, inaumiza macho.

Ikiwa umeshindwa kukataa, basi yajue matatu ya simu. Kori zake nane kwa kawaida si mapacha: nyingine kubwa na zenye nguvu, nyingine ndogo za kutunza betri. Ukigawa kazi mafungu manane sawasawa, kubwa zitamaliza na kukaa zikizingoja ndogo, na utadhani programu yako ina laana. Gawa vipande vidogo vidogo, kila kori ikimaliza ichukue kingine. OpenMP inalo hilo, ni neno moja tu kwenye mstari unaouweka juu ya lupu. Pili, simu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, hivyo jaribio la kwanza litakuwa na mbio kuliko la tano, na ukipima mara moja tu utajidanganya. Kule juu Mbinga kuna neema ambayo vituo vikubwa vya data vinailipia mamilioni: baridi ya Juni na Julai. Majaribio ya kasi fanyia juu kwa Wamatengo, ukiwa umevaa koti. Huku chini Mbamba Bay saa nane mchana, shughulika na nadharia. Tatu ni betri, na hilo halina dawa.

Sasa utataka kujua kori nane zitakupa kasi mara ngapi. Jibu la mjini ni mara nane. Jibu la Gene Amdahl, la mwaka 1967, linaudhi zaidi, na kwa bahati nzuri msimu wa kahawa Mbinga hulieleza vizuri kuliko kitabu chochote kilichomo kwenye folda yako. Chukua shamba la kahawa na wachumaji 40. Kuchuma kunagawanyika: kila mtu na mstari wake. Lakini jioni matunda yote yanapelekwa kiwandani kumenywa, na mashine ya kumenya ni moja. Kiwanda hicho, kwa utani wa majaliwa, wakulima wa kahawa wanakiita CPU. Sema kumenya ni sehemu ya kumi ya kazi yote kama ingefanywa na mtu mmoja. Ukiwaleta watu 40, hupati kasi mara 40. Unapata mara 8 na kidogo. Ukiwaleta watu 400, hufikii hata mara 10. Hutafika kumi kamwe, hata ukiwahamisha wanakijiji wote wa Maguu na Litembo, maana foleni iko CPU. Kwa hiyo swali la kwanza la mpanga programu sambamba siyo nina kori ngapi, ni foleni yangu iko wapi. Swali hili linachosha na halifai kwenye statasi. Ndiyo maana wengi huliruka na kwenda kununua mashine.

John Gustafson alimjibu Amdahl kwa namna ya kutia moyo mwaka 1988: watu wakipata mashine kubwa hawafanyi kazi ile ile kwa haraka, wanafanya kazi kubwa zaidi. Mtaje Gustafson kila Amdahl akikuzidi nguvu.

Tuje kwenye kujumlisha, kwa sababu hapa ndipo utakapopata umaarufu wa bure. Tuseme AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imekuomba programu ya kujumlisha malipo ya wakulima. Tumia namba za desimali za biti 32, ni nyepesi na zina mbio. Anza na sifuri, ongeza shilingi moja, moja, moja. Itahesabu vizuri kabisa hadi 16,777,216, kisha itagoma. Ongeza moja, inabaki 16,777,216. Ongeza nyingine, inabaki pale pale. Haijaharibika, biti 24 za kubebea tarakimu zimejaa, na shilingi moja haionekani tena mbele ya namba kubwa hivyo. Milioni kumi na sita na ushee ni fedha za asubuhi moja kwenye chama cha kahawa msimu ukikolea, kwa hiyo wajumbe watalifahamu tatizo kabla yako.

Sasa ifanye sambamba. Gawa malipo kwenye nyuzi nane, yaani mikondo nane ya programu inayokwenda kwa pamoja, kila uzi ujumlishe fungu lake, kisha uunganishe. Jibu litabadilika, na pengine litakuwa sahihi zaidi, kwa sababu kila fungu limebaki dogo na shilingi bado zinaonekana. Rudia kesho kwa mpangilio mwingine, litabadilika tena kidogo. Kwenye hesabu za darasani, a na b ukiongeza c ni sawa na a ukiongeza b na c. Kwenye desimali za kompyuta siyo lazima, kwa kuwa kila hatua inakata mkia wake. Mwambie mwenyekiti ni virusi. Akikataa kuamini virusi, ndipo umtaje William Kahan, ambaye mwaka 1965 alionyesha jinsi ya kubeba mikia hiyo pembeni na kuirudisha kwenye jumla. Na kama unampenda mwenyekiti, hesabu fedha kwa namba kamili, uachane na desimali. Hilo halina ujanja wowote, na kwa sababu hiyo hakuna atakayeliandikia makala.

Kosa jingine linalokuja peke yake ni nyuzi zote nane kuongeza kwenye jumla moja. Uzi wa kwanza unasoma 100, wa pili nao unasoma 100, kila mmoja unaandika 101, na mkulima mmoja amelala na njaa. Utaweka kufuli. Programu itakuwa sahihi, na itakuwa ya polepole kuliko ulipokuwa na uzi mmoja, maana nyuzi saba zimekaa zikingoja ufunguo. OpenMP ina dawa tangu toleo lake la kwanza la 1997: kila uzi upewe jumla yake ya siri, zikutane mwisho. Ni mstari mmoja. Walimu wazuri wa somo hili wote wanakupeleka hapo mapema, jambo ambalo ungelijua kama ungeifungua folda.

Basi chagua mradi mkubwa, kwa maana miradi mikubwa haimaliziki na hivyo haiwezi kukosolewa. Ziwa liko pale. Ziwa Nyasa lina eneo la kilomita za mraba kama 29,600 na kina kinachofika mita 706 hivi. Chora miraba ya kilomita moja moja, kila mraba ubebe kimo cha maji na kasi zake mbili, kisha umtafute Newton. Wimbi refu mahali penye kina hicho hukimbia karibu mita 83 kwa sekunde, hivyo hatua yako ya muda isizidi sekunde 12, la sivyo wimbi litaruka mraba mzima kabla hujaliona na namba zitalipuka. Siku moja ni hatua 7,200. Zidisha kwa miraba, unapata masasisho milioni 213 ya mraba. Simu inaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na hiyo ni aibu, maana ulitegemea kulalamikia mashine.

Punguza mraba uwe wa mita 100. Miraba inazidi mara 100, hatua za muda mara kumi, kazi yote mara elfu: bilioni 213. Memori inayohitajika ni megabaiti 71 hivi kwa usahihi wa biti 64, na haiingii kwenye kashe ya simu. Hapo kori zako zitaanza kugombea njia ya kwenda memori, na ukitoka kori nne kwenda nane huenda usione tofauti yoyote. Ndiyo zile kurasa 114 za Drepper. Hali hii ndiyo inayowatesa pia watabiri wa hali ya hewa: WRF, programu ya wazi ya kutabiri hali ya hewa iliyoandikwa kwa Fortrani na kugawanywa kwa MPI, ukiipunguzia upana wa miraba kwa nusu inadai kazi kama mara nane. Kwa miraba ya kilomita 9, ziwa letu linalopanuka hadi kilomita 75 hivi ni miraba minane tu kutoka ufuko hadi ufuko. Upepo unaoshuka milimani na kumshika mvuvi karibu na nchi kavu hupita katikati ya tundu za wavu huo.

Kwa MPI, inayozifanya kompyuta zitumiane ujumbe, utaligawa ziwa kwa kompyuta kadhaa, na hapa kuwa mwangalifu kisiasa. Ziwa ni refu, kama kilomita 560, na jembamba. Ukilikata kwa upana, kipande cha Kyela, kipande cha Lituhi, kipande cha Mbamba Bay na kuendelea kusini, kila mkato una miraba 750 tu kwa ule mradi wa mita 100, na ni hiyo tu ambayo majirani watabadilishana kila hatua. Ukilikata kwa urefu, mstari wa katikati, utabadilishana miraba 5,600. Sasa mstari wa kati ndio mpaka tunaoudai sisi. Malawi inashikilia kwamba mpaka ni ufuko wa upande wetu, ikitegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa gharama ya mawasiliano, mstari wa kati ni mgawanyo mbaya. Kwa mambo mengine yote mimi ni mtu wa Mbamba Bay na sijasema kitu. Ukiulizwa na afisa yeyote kwa nini programu yako imekata ziwa namna hiyo, onyesha hesabu, usionyeshe ramani.

Ujumbe nao usiuamini. Michakato miwili ya MPI ikisubiri kila mmoja mwenzake aanze kutuma, itakaa hivyo hadi umeme ukatike. Na ujumbe uliochelewa ni hatari kuliko usiotumwa. Liuli, enzi za Wajerumani ikiitwa Sphinxhafen kwa ajili ya yale mawe yake, inalijua hilo: mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo, ikatokea Guendolen ya Waingereza na kuifyatulia mzinga. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumwuliza rafiki yake Rhoades, nahodha wa Guendolen, kama amelewa. Kila mchakato ulikuwa sahihi kwa taarifa ulizokuwa nazo. Weka kizuizi cha kusubiriana kabla ya kufyatua chochote.

Hatimaye andika ripoti. Soma kwanza makala ya David Bailey ya 1991, aliyeorodhesha kwa dhihaka njia kumi na mbili za kuwapumbaza watu unapotoa matokeo ya kompyuta sambamba. Wengi wameichukua kama mwongozo, nawe usiachwe. Pima kwa biti 32 na uwashindanishe na waliotumia 64. Pima lupu ya ndani peke yake, kisha sema ni programu nzima. Linganisha na toleo lako la zamani ambalo uliliunda bila kuiambia kompaila ifanye uboreshaji wowote. Kwa hilo peke yake unaweza kupata kasi mara kadhaa bila jasho. Fanya tatizo liwe kubwa kadiri unavyoongeza kori, na usiseme. Yote yakishindikana, Bailey anashauri picha nzuri.

Picha za ziwa zinapendeza sana. Mpelekee mzee wa Liuli aone wimbi la bluu na nyekundu likitambaa kutoka Lituhi hadi kwao. Mwamkie shikamoo, mwache atazame. Atauliza upepo uko wapi, maana mlinganyo wa maji peke yake hauna upepo. Mwambie upepo utaingia toleo la pili, na kwamba kwa leo jioni, mzee wangu, sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa TMA redioni kabla hujaingiza mtumbwi majini.